Windows ya Kudarizi, Linux ya Mtandao

Tarehe 14 Oktoba 2025 muda wa Windows 10 uliisha. Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya usalama, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja unaofika Oktoba 2026. Mwenye kompyuta mpya alibofya akahamia Windows 11, mambo yakaishia hapo. Sisi wenye mashine za ex-UK, zile zinazotua Nakuru baada ya kutumika miaka kadhaa kwenye ofisi za ng'ambo, tulikuta mlango umefungwa. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Yangu ni Dell OptiPlex yenye Core i5 ya kizazi cha 4 na RAM ya GB 4. Inawaka vizuri, haipigi kelele, haijawahi kulala kwa fundi.

"Mama, hii uza tu," fundi mmoja wa hapa mjini aliniambia. "Uongeze kitu kidogo uchukue ya kizazi cha 8."

"Kwani hii ina shida gani?"

"Haina shida. Ni Windows imeisha."

Jibu lile lilinikaa moyoni siku nyingi. Kifaa kizima, kinachofanya kazi, kitupwe kwa sababu kalenda imefika tarehe fulani? Nilikataa, na makala haya ni ya yeyote aliye na kompyuta kama yangu nyumbani na ameambiwa maneno kama hayo.

Kwanza nieleze kompyuta hii inafanya nini, maana uamuzi wote ulitoka hapo. Ninadarizi beji za sweta za shule nyumbani kwetu Free Area. Mashine yenyewe ya kudarizi haijui Windows wala Linux. Unachomeka flashi, inasoma faili ya mishono iitwayo DST, inaanza kushona. Lakini kabla faili hiyo haijapatikana, lazima mtu aketi kwenye kompyuta ageuze nembo ya shule kuwa mishono: sindano ianzie wapi, uzi ukatwe wapi, herufi zijazwe kwa satini au kwa mshono wa kujaza, kitambaa kitavutika kiasi gani. Programu ninayotumia nililipia pesa nzuri, mkono umeizoea, na imetengenezwa kwa Windows peke yake. Leseni yake imo kwenye kidude cha USB kinachochomekwa nyuma ya kompyuta. Bila kidude hicho haifunguki.

Kwa hiyo wanaosema "futa Windows yote, weka Linux, utapumzika", wakimaanisha ule mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, hawasemi nami. Wenye ujuzi waliniambia nijaribu kuendesha programu yangu ndani ya Linux kwa kutumia Wine, au niweke Windows ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta. Kidude cha leseni ni kizuizi kikubwa kwa njia ya kwanza, na RAM ya GB 4 ni ndogo mno kwa njia ya pili. Beji za Januari hazingoji majaribio ya namna hiyo. Shule zinafunguliwa, wazazi wamepanga foleni dukani kwa mwenye sweta, naye mwenye sweta ananipigia simu.

Wazo lililonifaa lilikuja nilipokaa nikaiangalia hatari yenyewe ni ipi. Windows 10 haikuzimika tarehe 14 Oktoba. Inaendelea kufanya kazi kama jana. Kilichokoma ni kuzibwa kwa matundu: kila udhaifu utakaogunduliwa baada ya hapo unabaki wazi, na wezi wanaujua. Lakini mwizi anahitaji njia ya kuingilia, na kwa kompyuta ya nyumbani njia kubwa ni intaneti: barua pepe, viungo vya WhatsApp, kurasa zenye matangazo. Nikajiuliza: programu ya kudarizi inahitaji intaneti ya nini? Haihitaji. Basi Windows ibaki na nyuzi zake, bila mtandao kabisa, na mfumo mwingine unaolindwa hadi leo ukae upande wa pili wa diski hiyohiyo na ushughulike na dunia ya nje.

Mfumo huo wa pili kwangu ni Linux Mint, toleo la Xfce. Mint ilianza mwaka 2006 na imejengwa juu ya Ubuntu, Linux nyingine maarufu. Toleo la 22 litaendelea kupata masasisho hadi 2029. Ina sura tatu, yaani Cinnamon, MATE na Xfce, na nilichukua Xfce kwa sababu ndiyo nyepesi kuliko zote kwa mashine ya GB 4. Menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia, folda zinafunguka kama ulivyozoea. Mtu aliyetumia Windows 7 hatapotea.

Wapo wanaodhani Linux ni kitu cha wadukuzi wa kwenye sinema. Kiini chake kiliandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na kiini hichohicho ndicho kinachoendesha kila simu ya Android. Ukilipa nauli ya matatu kwa simu ya Android, umetumia Linux.

Faili ya kuweka Mint, ile inayoitwa ISO, inakaribia GB 3. Kwa bando la simu hiyo ni pesa ya kufikiria mara mbili, kwa hiyo niliipakua kwa rafiki yangu wa Section 58 aliye na intaneti ya nyaya. Hapa kuna hatua ambayo wengi huiruka, nami nakusihi usiiruke. Februari 2016 tovuti ya Linux Mint ilidukuliwa, na kwa muda mfupi waliopakua toleo moja walipewa ISO iliyotiwa mlango wa siri. Ndiyo maana faili inakaguliwa kabla ya kutumiwa. Kwenye Windows unafungua dirisha la amri, unaandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, na unapata mstari wa herufi na tarakimu 64. Linganisha na mstari uliochapishwa na Mint wenyewe. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, futa faili hiyo. Anayetaka uhakika zaidi ataikagua pia saini ya kidijitali ya watengenezaji, iitwayo GPG, maana aliyeweza kubadilisha kiungo anaweza kubadilisha na mstari ulio kando yake.

Kisha programu ya Rufus inaiandika ISO kwenye flashi ya GB 8. Flashi hiyo itafutwa yote, kwa hiyo isiwe ile yenye beji za wateja.

Sehemu iliyonipendeza kuliko zote ni hii: Linux unaijaribu kabla hujaiweka. Unachomeka flashi, unawasha kompyuta huku ukigonga F12 (kwa Dell; HP ni F9, nyingi za Lenovo ni F12), unachagua flashi, na baada ya muda unaona meza nzima ya Mint kwenye skrini wakati diski yako haijaguswa. Inaenda polepole kwa sababu inasomwa kutoka kwenye flashi, hilo lisikutishe. Huu ndio wakati wa kuikagua nyumba kabla ya kuhamia. Sauti inatoka? Printa inaonekana? Wi-Fi je?

Wi-Fi kwangu haikuonekana. Kompyuta za mezani za aina hii mara nyingi hazina Wi-Fi ndani, unanunua kidude cha USB, na vingi vya bei nafuu vina chipu ambazo Linux haizitambui hadi uiongezee dereva, yaani programu ya kukiendesha kidude. Mwanangu aliye Gredi ya 8 ndiye aliyechomeka simu kwa waya wa kuchajia na kuwasha ile sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. "Mama, imeshika!" Mint iliitambua simu papo hapo, bila dereva, bila nywila. Hiyo ndiyo njia ninayompa kila mtu sasa: simu kwa waya kwanza, kidude cha Wi-Fi baadaye. Printa yetu ya Epson ya tangi la wino ilionekana yenyewe nikachapisha ukurasa wa majaribio hata kabla Linux haijawekwa.

Maandalizi upande wa Windows yalichukua muda mrefu kuliko kuweka Linux kwenyewe, na ni sawa yawe hivyo. Nilinakili kila kitu kwenye diski ya nje: beji zote, picha za familia, alama za wanafunzi za mume wangu. Nikafungua msinfo32 nione kama Windows iliwekwa kwa UEFI, mtindo mpya wa kuwasha kompyuta, au kwa mtindo wa zamani, kwa sababu Linux inapaswa kuwekwa kwa mtindo huohuo, la sivyo mifumo miwili haitaonana wakati wa kuwasha. Ukiwa na BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski kwa siri, hakikisha unao ufunguo wake wa kurejesha umeandikwa mahali pengine nje ya kompyuta.

Halafu kuna amri moja fupi: powercfg /h off. Windows 10 ukiizima haizimiki kabisa. Inalala nusu ili kesho iwake haraka, na ikiwa katika hali hiyo Linux hukataa kuandika kwenye diski yake, kwa haki kabisa, isije ikaharibu. Amri hii inaondoa usingizi huo. Faida yake ya pili ni kwamba inafuta faili kubwa ya usingizi ambayo mara nyingi hukaa katikati ya diski na kukuzuia kuipunguza. Baada ya hapo, kwenye sehemu ya kusimamia diski, niliipunguza Windows na kuacha GB 100 wazi kwa ajili ya mgeni.

Jambo jingine ni stima. Nakuru mvua ya alasiri ikianza kunguruma, kila mtu anajua taa zinaweza kwenda wakati wowote. Diski inayokatwa umeme ikiwa katikati ya kugawanywa inaweza kupoteza kila kitu. Mwenye laptopu achaji betri ijae. Mwenye kompyuta ya mezani aazime UPS, au afanye kazi hiyo asubuhi na mapema wakati anga ni safi.

Kuweka Mint kwenyewe hakuna la kusimulia sana. Inakuuliza lugha, saa za eneo, jina lako. Inaiona Windows na kukupa nafasi ya kukaa kando yake. Unakubali, unakunywa chai, unawasha upya.

Kuanzia hapo kila ukiwasha kompyuta unakutana na menyu nyeusi ya GRUB inayouliza: Mint au Windows? Kwa kawaida ukinyamaza inaingia Mint. Nyumba yetu ina watu watatu wenye mahitaji matatu, kwa hiyo niliibadilisha ikumbuke chaguo la mwisho. Kwenye faili ya /etc/default/grub unaandika GRUB_DEFAULT=saved na chini yake GRUB_SAVEDEFAULT=true, kisha unaendesha sudo update-grub. Msimu wa beji inaniletea Windows yenyewe; likizo inaleta Mint.

Saa nayo ilihitaji kutulizwa. Linux huhifadhi saa ya ndani ya kompyuta kwa majira ya UTC (saa ya kimataifa), Windows huihifadhi kwa majira ya hapa, na sisi tuko mbele ya UTC kwa saa 3. Ukitoka Mint ukaingia Windows, Windows inakuambia ni saa tatu asubuhi wakati jua liko utosini. Wenye intaneti kwenye Windows hawalioni sana kwa sababu inajirekebisha kutoka mtandaoni. Yangu haina mtandao, kwa hiyo ingebaki imekosea na kila faili ya beji ingebeba saa ya uongo. Upande wa Linux unaandika timedatectl set-local-rtc 1, na mifumo yote miwili inasoma saa moja.

Sasa kazi inaendaje? Mwalimu mkuu ananitumia nembo ya shule kwa WhatsApp, mara nyingi picha iliyopigwa juu ya sweta kuukuu, imepinda na ina kivuli. Ninaifungua kwenye Firefox ndani ya Mint. Ninainyoosha kwa GIMP, programu ya kuhariri picha, halafu kwa Inkscape, programu ya kuchora, ninaifuatisha mistari yake iwe safi: ngao, mwenge, kitabu kilichofunguliwa, utepe wa kaulimbiu chini. Naihifadhi kama PNG kwenye folda moja iliyo upande wa Windows, ambayo Linux inaisoma na kuiandikia bila tatizo. Nazima, nawasha Windows, programu ya kudarizi inaikuta picha pale inaposubiri. Kwenye Windows nimezima adapta zote za mtandao. Sheria ni kwamba kinachovuka kutoka Mint kwenda Windows ni picha tu. Hakuna faili ya EXE, yaani ya programu, inayovuka, na flashi ya mgeni haichomekwi upande huo.

Kitu nilichokipenda sana Mint, na ambacho sikukitarajia, ni jinsi inavyoheshimu bando. Windows kwa kawaida hushusha masasisho yenyewe ikipata mtandao; unaweza kuipunguza kwa kuitangazia kuwa mtandao wako unalipiwa kwa kipimo, lakini lazima ujue mpangilio huo uko wapi. Mint inaweka alama ndogo karibu na saa, na ukiibofya inakuonyesha orodha: hiki ni cha usalama, hiki ni cha kawaida, na chini kabisa jumla ya MB utakazotumia. Kisha inangoja. Nikiwa na bando la wiki linaloisha Jumapili usiku, ninajua Jumapili jioni nishushe nini na nibakize nini. Kwa nyumba inayonunua intaneti kwa kipimo, hilo ni jambo kubwa, na ninashangaa kwamba wanaoisifu Linux hulitaja mara chache hivyo.

Mume wangu anafundisha Kiswahili na anatunga mitihani yake kwenye LibreOffice, programu za ofisi zilizokuja pamoja na Mint. Aligundua haraka kwamba faili za Word zikifika upande huu mistari husogea kidogo zikiwa na herufi za pekee, ingawa kwa Times New Roman na Calibri kuna herufi mbadala zenye upana uleule, kwa hiyo kurasa zinabaki zilivyo. Akipeleka mtihani kuchapishwa mjini anaupeleka kama PDF, na hakuna kinachosogea tena. Kilichomfurahisha ni kukagua tahajia: kifurushi kinaitwa hunspell-sw, kinawekwa kwa amri moja, na kwenye LibreOffice unachagua Kiswahili cha Tanzania. Hakijui maneno yote, lakini "mwanafuzi" hapiti.

Nisiwafiche, mifumo miwili kwenye diski moja haikai kwa amani wakati wote. Sasisho kubwa la Windows linaweza kujirudisha mbele kwenye mpangilio wa kuwasha, ukadhani Linux imefutwa. Iko palepale, unaingia kwenye BIOS, mipangilio ya ndani ya kompyuta, na kuipandisha juu. Agosti 2024 sasisho la usalama la Windows liliwafanya watu wengi wenye mifumo miwili washindwe kuwasha Linux kwa sababu ya kanuni mpya za Secure Boot, ulinzi unaokagua mfumo kabla haujawaka, na marekebisho ya mwisho yalifika Mei 2025. Windows isiyo na mtandao haipokei masasisho, kwa hiyo katika mpango wangu tatizo hilo halina njia ya kufika. Lakini ukiziacha zote mbili mtandaoni, ujue jambo hili mapema, na weka ile flashi ya Mint kwenye droo. Ndiyo itakayokufungulia siku mlango ukigoma.

Swali ninaloulizwa na wenzangu wa cherehani ni kama siku moja nitaiacha Windows kabisa. Kuna kiongezi cha bure cha Inkscape kinachoitwa Ink/Stitch, kinafanya kazi kwenye Linux, na kinatoa faili za mishono za DST, PES na JEF. Nimekijaribu kwa maandishi: majina ya wanafunzi kwenye aproni, jina la kikundi cha akina mama kwenye leso. Kina herufi zilizopangiwa mishono tayari, unaandika jina, unaangalia mwigo wa sindano kwenye skrini, unahifadhi. Yalitoka safi, uzi haukukatika. Kwa beji ya shule yenye ngao na rangi tano bado naamini mkono wangu kwenye programu ya zamani, hasa kwa namna inavyosawazisha kuvutika kwa sweta la sufu. Msimu wa Januari ukipita nitachukua beji moja niliyoishona mara nyingi, niijenge upya yote kwa Ink/Stitch, nizishone mbili hizo bega kwa bega kwenye kitambaa kimoja, na nizifue.